Tahadhari: seti za magari ya kuunganisha zinafungwa upya na kuuzwa Nairobi kama mpya

Kuna muuzaji anayezungusha seti za plastiki za magari na malori hapa Nairobi, za kipimo cha 1/24 na 1/25 (yaani gari halisi limepunguzwa mara 24 au 25), na mzigo wake si wa kuaminika. Jina la akaunti hubadilika kila akibanwa, kwa hiyo kulikariri hakutakusaidia. Mjue kwa mtindo wake. Picha ni za boksi tu, limefungwa nailoni linang'aa. Bei iko chini kidogo ya wenzake, si chini sana hadi mtu ashtuke. Duka hana. Mnakutana kwenye ngazi za jengo fulani katikati ya mji, na siku hiyo lazima awe na haraka ya ajabu. Ukitaka kuona ndani anakwambia ukishafungua umenunua. Akifika hapo, mrudishie boksi lake uende zako.

Nailoni ya nje haithibitishi chochote. Roli ya nailoni na drayi ya nywele zinatosha kulifunga boksi likaonekana limetoka kiwandani jana. Tena seti nyingi za Kijapani, za Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, zikiuzwa kule kwao hazina nailoni ya nje hata kidogo. Kinachozibwa ni mifuko ya ndani. Kwa hiyo boksi la Kijapani lililokazwa nailoni limefungwa na mtu njiani. Huenda ni msambazaji mwaminifu, huenda ni huyu. Mfuko wa ndani ndio unaosema kweli. Wa kiwandani umezibwa kwa joto kwa mstari ulionyooka, au umebanwa kwa pini ya stepla. Ukikuta selotepu, mfuko wa zipu wa madukani, au fremu (yale matawi ya plastiki yanayobeba vipande, kila moja na herufi yake) mbili za herufi tofauti zimesongamana ndani ya mfuko uliochanika, boksi limeshafunguliwa.

Kufunguliwa peke yake si kosa. Watu huuziana seti zilizofunguliwa kila siku na hakuna ubaya, mradi muuzaji aseme. Huyu hasemi, kwa sababu ndani ameshachomoa kile kinachouzika peke yake: fremu ya krome, matairi, vioo na karatasi ya stika za maji, zile zinazolowekwa ndipo zibandikwe kwenye bodi. Bodi na chesisi anaziacha, maana ndizo zinazolipa boksi uzito ukilitikisa.

Kuhesabu hakuchukui muda. Fungua karatasi ya maelekezo kabla ya kugusa kitu kingine. Italeri na Revell huchora kila fremu na namba za vipande vyake. Kwa Tamiya tafuta orodha ya vipande vya kuagiza, ambayo inataja fremu kwa herufi na idadi yake. Zipange fremu A, B, C kwa zamu huku ukitazama mapengo. Kipande kilichokatika kwa bahati mbaya utakikuta chini ya mfuko. Kilichokatwa kwa koleo kinaacha kishina kilichonyooka na hakipo popote.

Kwenye malori hesabu ya matairi ndiyo inayomfichua haraka. Kichwa cha trela cha 4x2 chenye matairi pacha nyuma kinataka matairi 6. Cha 6x4 kinataka 10: mawili mbele, manane nyuma. Trela la Kizungu la ekseli tatu zenye tairi moja pana kila upande linataka 6. Rimu za mbele na za nyuma hazifanani, kwa hiyo kukuta rimu kumi hakutoshi kama zote ni za nyuma. Baada ya hapo tafuta grili, bampa, tangi za dizeli na mabomba ya moshi, kwa sababu kwa lori la Kimarekani kama Peterbilt 359 ya AMT krome ndiyo gari lenyewe. Boksi la lori lisilo na fremu ya krome si la kuombea punguzo. Liache.

Kwenye magari madogo vinavyopotea ni vidogo mno mtu asivione mpaka kazi imefika katikati: ekseli ya chuma, vile vibushi laini vinavyoingia ndani ya rimu ili gurudumu lizunguke, na stika ndogo za kung'aa za saitimira. Vibushi vikikosekana unaweza kuokoa kazi kwa kipande cha mrija wa plastiki. Kioo cha mbele hakina mbadala mzuri. Chupa ya soda iliyokatwa inaziba tundu, lakini haikai kwenye mkunjo wa bodi.

Angalia pia kama matairi yamelala juu ya bodi au vioo. Matairi laini ya vinili hutoa mafuta ya kulainisha plastiki, na mafuta hayo huila polistirini, plastiki ya seti hizi, polepole. Kiwandani matairi huwekwa mfuko wake. Huyu akishapekua boksi anarudisha kila kitu kwa fujo, tairi linakaa juu ya paa la bodi kwa miezi kwenye stoo yenye joto, na alama ya kashata za tairi inajichora kwenye plastiki kama muhuri. Kwenye bodi utaziba kwa pati na kupiga msasa wa 400, kisha 600, kisha 1000. Kwenye kioo ndiyo imetoka hiyo.

Ujanja wa pili ni kuuza gari lililokwisha kuunganishwa likabomolewa. Anachukua modeli kuukuu, anaitia kwenye mafuta ya breki kutoa rangi, krome anaitoa kwa Jik (ile bleach ya nguo), halafu anatangaza kwamba haijawahi kuunganishwa. Dalili zake ni rahisi. Vipande vyote viko huru, hakuna hata kimoja kilicho kwenye fremu. Vipini vya kuunganishia vimevunjika. Pembeni mwa maungio kuna mng'ao au mkwaruzo ambapo gundi iliyeyusha plastiki, na hapo hata msasa unapita kwa tabu. Na grili ambayo boksi linaonyesha ni ya krome, wewe unapewa nyeupe. Ajabu ni kwamba wapo mafundi wanaotoa krome kwa Jik kwa hiari yao, maana krome ya kiwandani ni nene na huficha mistari, wakaipaka upya kwa eabrashi, brashi ya kupulizia rangi kwa hewa. Lakini wao wanaanza na vipande vizima.

Kwa wanaobadilisha magari, hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Wengi jijini wanatafuta HiAce ya kugeuza matatu, na Aoshima wanayo HiAce ya 200 ya Super GL kwa 1/24. Gari lenyewe lina urefu wa milimita 4,695, kwa hiyo modeli ya 1/24 lazima ifike karibu milimita 196. Kinachouzwa na huyu jamaa ni bodi ya mchezo wa watoto ya 1/32, karibu milimita 147, imetolewa magurudumu na kutiwa kwenye boksi lenye picha iliyochapishwa. Beba rula. Nissan Skyline R34 GT-R ina milimita 4,600, hivyo ya 1/24 ni karibu 192 na ya 1/25 ni 184. Tofauti hiyo ya milimita nane ndiyo inayofanya chesisi ya seti moja ikatae kuingia kwenye bodi ya nyingine, na muuzaji anayekwambia 1/24 na 1/25 ni kitu kimoja ama hajui kazi ama anajua sana.

Rimu za kubadilisha zipime kwa vernia, kwenye rimu yenyewe bila tairi. Rimu ya inchi 17 kwa 1/24 ni milimita 18, ya inchi 18 ni 19, ya inchi 19 ni kama 20. Nyingi anazoziita resini ya Japani zimechapishwa kwa printa ya 3D ya waya, na mistari ya matabaka inaonekana ukiishika kando ya dirisha. Praima haiifuti, inaifanya ionekane zaidi. Viti vya matatu vya resini navyo vipo kwenye orodha yake, ameviandika "plastiki orijino". Tone moja la gundi ya modeli mahali pasipoonekana litakupa jibu: polistirini hulainika ndani ya sekunde chache, resini haijali. Resini si mbaya, ila inataka supaglu au epoksi, na ukiipiga msasa vaa barakoa na uilowanishe, vumbi lake si la kuvuta.

Gundi yake usinunue kabisa. Chupa ya glasi ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani, ile ya Tamiya Extra Thin, ikiisha anaijaza upya kwa asetoni au thina ya dukani. Gundi halisi ni mchanganyiko wa asetoni na butili asetati. Asetoni inauma plastiki haraka, butili asetati inachelewesha ukavu ili gundi ipate nafasi ya kutambaa kwenye ungio. Asetoni tupu inakauka kabla ya kufika, ungio linashika juu juu na kuachia siku unapofunga bodi kwenye chesisi. Thina ya rangi za magari inafanya kinyume chake: inachelewa kukauka, inalainisha eneo zima, na alama ya kidole chako inabaki kwenye mlango. Jaribu kwa vipande viwili vya fremu. Viunganishe, viache mpaka kesho, kisha uvivunje. Plastiki ikivunjika pembeni mwa ungio, gundi ni nzuri. Ungio likifunguka safi, mwaga.

Rangi za kopo za Tamiya: zenye alama TS ni za polistirini, zenye PS ni za polikabonati, ile plastiki ya bodi angavu za magari ya rimoti. Anauza PS akidai ni ile ile. Si ile ile, usiipulize kwenye bodi yako. Pia akikuahidi makopo ya kupuliza kutoka Japani kwa barua ya kawaida ya ndege, anakuchezea. Makopo ya gesi hayaruhusiwi kwenye barua za ndege za kimataifa.

Sasa stika za maji, ambazo ndizo anazozitangaza zaidi. Ana karatasi za magari ya mbio za Safari Rally, na inayopendwa ni Datsun 240Z ya 1971, gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililoshinda mwaka huo: bodi nyekundu, boneti nyeusi, namba 11. Hasegawa wana seti ya gari hilo na stika zake halali. Za huyu zimeskaniwa na kuchapwa kwa printa ya ofisini juu ya filamu angavu. Printa ya ofisini haina wino mweupe, hivyo kila palipo peupe kwenye picha panabaki wazi. Zikiwa juu ya karatasi yake unaziona sawa. Zikishatua kwenye mlango mwekundu, duara jeupe la namba linakuwa jekundu na njano inazama. Stika halali ikilazwa kwenye karatasi yake ya samawati, nyeupe inaonekana nyeupe. Zaidi ya hapo lowanisha kidole na uguse pembe ya karatasi. Wino ukitoka kidoleni, haikufunikwa kwa vanishi na itayeyuka kwenye maji. Kama umeshanunua, pulizia vanishi mikono miwili myepesi kabla ya kukata, kisha utie kwanza duara jeupe lililokatwa kutoka karatasi nyingine chini ya namba.

Kwa mzigo anaodai unatoka nje, malipo yake yanakuja kwa awamu. Kwanza amana kwa namba ya simu ya kawaida, kamwe si till, namba ya malipo ya biashara. Kisha ujumbe kwamba mzigo umekwama JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na kunatakiwa ada ya forodha, itumwe kwa namba ileile. Ushuru wa kweli una hati ya KRA, mamlaka ya mapato, yenye namba ya malipo, na haupiti kwenye simu ya mtu. Kabla pesa hazijaondoka soma jina linalojitokeza. Lisipofanana na la mtu unayezungumza naye, katiza hapo. Omba picha ya fremu zote zimetandazwa, pamoja na kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo hupiga picha hiyo ndani ya dakika tano. Huyu huanza hadithi za simu kuharibika kamera.

Ukishatuma na ukagundua, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom papo hapo, kwa sababu akishatoa pesa kurudishiwa ni vigumu. Namba yake iripoti kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi ukachukue namba ya OB (daftari la matukio la polisi), ukiwa umechapisha mazungumzo yote, yakiwemo matangazo yake yenye neno "mpya". Usimtishie kwanza. Akishtuka anafuta kila kitu.

Walioangukia maboksi yenye mapengo wasikimbilie kununua seti ya pili. Tamiya huuza fremu moja moja kwa msimbo ulio kwenye orodha ya maelekezo, na katika vikundi vya wajenzi hapa Nairobi fremu za ziada ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa matairi ya malori na vioo vya magari ya 1/24. Andika jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi, herufi ya fremu na namba ya kipande. "Nahitaji kioo cha Skyline" haitoshi. Kuna Skyline nyingi, na kioo cha R33 hakiingii kwenye R34.