Daraja la Kigamboni: nalipa, na naona ninacholipia

Nina kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nabeba mboga kutoka Kibada kwenda soko la Ilala. Daraja la Kigamboni hapa Dar es Salaam, jina lake rasmi Daraja la Nyerere, ndiyo njia yangu. Lilifunguliwa 2016, lina njia sita, na fedha nyingi zilitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndiyo maana kuna geti la kulipia.

Alfajiri mchicha bado unadondosha maji, turubai limelowa. Unalipa, geti linanyanyuka, punde uko Kurasini. Ukikamatwa na foleni ya pantoni, kile kivuko cha majini, jua likipanda mchicha umeshalala, na mchicha uliolala mama ntilie hagusi. Kwa hiyo nalipa bila kinyongo. Tena 2022 tozo zilishushwa, tukapumua.

Ila wanaopiga hesabu za barabara ya kulipia kuanzia Kibaha kwenda Chalinze nawaomba jambo: kwenye kila lita ya mafuta tayari tunakatwa fedha ya barabara. Nairobi walijenga barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, na ya chini ikabaki bure. Hapo sawa, mtu anachagua. Yetu ya zamani ikiachwa ijae mashimo, hakuna kuchagua tena, na bei ya nyanya Ilala itapanda.

Daraja nalipatia nyota nne kati ya tano.