Boga au mung'unya?

Mumunye, mung'unya, mahotelini zukini: sokoni Kirumba, Mwanza, nyoosha kidole tu, mama atakuelewa. Kazi ni kuchagua kati ya hilo na boga.

Kwa kutunza, boga halina mpinzani. Lililokomaa, kikonyo kikavu, ukucha hauingii kwenye ganda, hukaa miezi chini ya kitanda. Mung'unya changa hunywea mapema. Ila jikoni mambo hugeuka: mung'unya huiva upesi, na ukilitia kwenye mchuzi wa samaki sato linanyonya ladha yote. Boga linakula mkaa, na mkaa wenyewe ndio huu! Tena likishakatwa, limalizeni.

Mwenye kiwanja na watoto watano apande boga. Hata majani ni mboga. Wa chumba kimoja Mabatini, mamung'unya mawili yanamtosha.