QGIS na tasnifu yangu ya maji

Nimemaliza tasnifu ya uzamili ya jiografia na maendeleo, na ramani zake zote 11 nimezichora kwa QGIS. Ni programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Lakini naipenda si kwa sababu hiyo tu.

Swali langu lilikuwa moja: ni kaya zipi zinazoweza kwenda kuteka maji na kurudi ndani ya dakika 30, foleni ikiwemo? Hicho ndicho kipimo cha WHO na UNICEF cha huduma ya msingi ya maji. Mwanzoni nilizungushia kila kisima duara la kilomita 1, ramani ikapendeza: karibu nyumba zote zilikuwa ndani. Msimamizi wangu akaitazama, akauliza, "Hawa wa ng'ambo ya korongo wanaruka?"

Nikarudi uwandani. Barabara zilikuwemo tayari kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni. Vijia vya miguu nilivitembea mwenyewe na GPS mkononi, mara nyingi nyuma ya akina mama wenye ndoo kichwani, nikipima mwendo wao kwa saa. Zana ya njia fupi ya QGIS ikafuata vijia hivyo hatua kwa hatua, na nyumba za ng'ambo zikavuka dakika 30 hata kabla ya kuhesabu foleni. Sura ya nne yote niliiandika upya. Ndiyo sura ninayojivunia.

Jiandae kwa usumbufu. Mistari miwili isipogusana kwenye makutano, hata kwa nusu mita, njia inahesabiwa imekatika. Kuziba mapengo hayo kulinichukua siku 3. Hamisha tabaka zako za ramani kutoka EPSG:4326 (mfumo wa nyuzi za latitudo na longitudo) kwenda UTM (mfumo wa mita) kabla ya kupima chochote, la sivyo utazungusha duara kwa nyuzi badala ya mita. Na hifadhi faili zako kwa muundo wa GeoPackage. Muundo wa zamani, Shapefile, hukata jina la safu ya jedwali kwenye herufi ya 10, kwa hiyo "muda_foleni_asubuhi" na "muda_foleni_jioni" zilinichanganya hadi nikarudia jedwali zima.

Ramani ya mwisho niliichapa kubwa nikaipeleka kwa kamati ya maji. Mzee mmoja aliifuata kwa kidole, akasimama: "Hapa pana njia, mwanangu." Kweli ilikuwepo. Nimeiongeza.