Cheti kiliungua 1906, mpelelezi kakitoa wapi 1911?

Riwaya hii nilianza kwa kuipa nyota tano. Sasa nimezishusha hadi mbili, na chanzo ni karatasi moja.

Hadithi iko San Francisco, Marekani, mwaka 1911. Dobi wa Kichina na mganga wa mitishamba wanamsaka muuaji wa mwenzao. (Ambaye hajaisoma aishie hapa, nafumbua fumbo.) Sura za mwanzo ni tamu ajabu. Dobi anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya shati mpaka linyevuke, ndipo anashusha pasi. Kipande cha risiti kilichobaki mfukoni mwa marehemu kinaoanishwa na nusu yake iliyofungwa kwenye furushi, na jina linapatikana. Hapo mwandishi kafanya kazi.

Halafu sura ya mwisho! Dobi anakwenda manispaa, anaomba cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1888, anakabidhiwa, kesi imekwisha. Anakabidhiwa nini, majivu? Tetemeko la 18 Aprili 1906 na moto uliofuata viliteketeza kumbukumbu za vizazi za jiji lile. Wala si kosa dogo, maana moto huohuo ndio uliowapa nafasi "wana wa karatasi". Sheria ya Marekani ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina. Baada ya moto, mtu alidai kazaliwa San Francisco na hapakuwa na daftari la kumkanusha. Akikubaliwa kuwa raia, kila akitoka kusalimia kwao China hutangaza kapata mtoto wa kiume, na nafasi ya mtoto huyo kuingia Marekani ikauzwa kwa kijana asiye wake.

Kinachoniuma ni kwamba ufunguo mwandishi alikuwa nao. Mshukiwa kapitia Angel Island, kituo cha kukagua wahamiaji kilichofunguliwa 1910. Pale maofisa walihoji: nyumbani kwenu kuna ngazi ngapi mlangoni? Pipa la mchele linakaa wapi? Nyumba ya tatu ni ya nani? Jibu la kijana likipishana na la "baba", anarudishwa. Ndiyo maana walikariri vijitabu vya majibu melini, wakavitosa baharini kabla ya kufika. Mwandishi mwenyewe anatuonyesha kijitabu kikizama! Basi si mganga, mzaliwa wa kijiji hichohicho anachodai mshukiwa, angemuuliza tu kisima kiko upande gani, akamsikia anaghani kama mwanafunzi wa darasa la pili?

Mbili. Ila ile sura ya pasi nimeirudia mara tatu, haya, ziwe tatu. Ya nne mkamdai mhariri aliyekipitisha kile cheti.