Simu au Kamera? Mwongozo wa Kununua kwa Anayejali Rangi ya Ngozi Yake

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wasomaji kila msimu wa mahafali yanafanana mno. Mtu amenunua simu ya bei ghali, amempiga picha dada yake aliyehitimu, na picha hizo zinapofunguliwa kwenye skrini kubwa, dada huyo ana uso wa kijivu uliolainishwa kama sahani, na nywele alizosukwa kutwa nzima zimekuwa utando mweusi usioonyesha hata mstari mmoja. Muuzaji akiulizwa hujibu kwamba simu ina megapikseli 200, kwa hiyo kosa ni la mpigaji. Jibu hilo si la kweli, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Sitazungumzia megapikseli, uwezo wa kuvuta karibu wala ubora wa video, kwa kuwa hayo yamebandikwa kwenye mabango ya kila duka la Moi Avenue hapa Nairobi. Nimepanga vifaa kwa kigezo kimoja tu, ambacho wauzaji hawakitaji kamwe: kifaa kinaufanyia nini uso mweusi na nywele zetu pale mwanga unapokuwa mgumu, iwe ni ukumbini jioni au nje juani mbele ya hema jeupe.

Kihisi kikuu cha simu nzuri, yaani kipande kinachonasa mwanga, kina ukubwa wa takriban milimita 10 kwa 7, ilhali kihisi cha kamera ya Canon ya daraja la APS-C ni milimita 22 kwa 15, yaani eneo lake ni zaidi ya mara nne. Ili kufidia upungufu huo, simu hupiga picha kadhaa mfululizo, huziunganisha, huinua sehemu zenye giza na hufuta chembechembe. Kasoro huzaliwa hapo, kwa sababu programu isiyofundishwa vyema huuona uso mweusi kuwa kivuli kinachohitaji kuangazwa, na huviona vinyweleo, vishimo vya ngozi na nyuzi za kitambaa kuwa uchafu unaostahili kufutwa. Kamera nayo si malaika. Kipima mwanga chake hulenga kijivu cha wastani, hivyo mtu mweusi akisimama mbele ya hema jeupe uso wake hutoka na giza kupita kiasi. Tofauti ni kwamba kosa la kamera hurekebishika: unaongeza mwangaza kwa kuzungusha gurudumu, kisha unahifadhi faili ghafi (RAW), yaani data ya kihisi kabla haijachakatwa, ya biti 14 yenye viwango 16,384 kwa kila rangi, wakati JPEG, faili ya picha ya kawaida, ina viwango 256 pekee. Kilichokwisha kulainishwa na simu hakirudi.

Tatizo lenyewe ni la kale kuliko simu. Kodak ilisawazisha rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na miongoni mwa waliofanya hudhurungi ishughulikiwe katika miaka ya 1970 walikuwa watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuwa zikionekana vizuri kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla yetu.

Chaguo langu la kwanza ni Canon EOS R50, iliyotoka mwaka 2023, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Canon. Rangi zake za ngozi, hasa wekundu na hudhurungi, huniridhisha kabla sijagusa kompyuta, jambo ambalo Sony za bei hiyohiyo hazijanifanyia; mwenye jicho tofauti na anunue Sony kwa amani. Ina uzito wa gramu 375 pamoja na betri na kadi. Hata hivyo, ukiinunua na lenzi ya 18-45 inayokuja nayo na kuishia hapo, utakuwa umelipia nusu ya kamera, kwa kuwa lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho tundu lake hubanwa hadi f/6.3 (kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa pana na mwanga kuwa mwingi). Tafuta lenzi ya RF 50mm f/1.8, ambayo huingiza mwanga zaidi ya mara kumi kuliko hapo, na huo ndio mwanga unaouokoa uso ukumbini. Aidha, ukungu wa nyuma yake hutokana na kioo, si programu, kwa hiyo hautakata kingo za afro kana kwamba mtu amezipitisha mkasi, kama zifanyavyo simu nyingi.

La pili ni Canon EOS 80D ya mtumba pamoja na lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM. Ni nzito na ni ya mwaka 2016, lakini ngozi inayotoka humo bado inaishinda simu ya mwaka huu. Shata yake, pazia linalofunguka kila unapopiga picha, ilikadiriwa kustahimili mipigo 100,000, na kwa kuwa menyu yake haionyeshi hesabu hiyo, mdai muuzaji aiunganishe na kompyuta mbele yako.

Asiyetaka kubeba kamera anunue Google Pixel, kuanzia Pixel 6 ya Oktoba 2021, ambayo ilikuja na Real Tone: Google ilishirikiana na wapiga picha waliozoea watu wenye ngozi nyeusi, ikarekebisha upimaji wa mwanga, uwiano wa rangi na utambuzi wa nyuso. Kasumba ya kuwaangaza watu kupita kiasi imepungua humo kuliko katika simu nyingine ninazozijua. Uliza tu dhamana inatolewa na nani, maana ukiambiwa ni ya duka, basi ni ya duka hilo tu.

iPhone za daraja la Pro kuanzia 12 Pro, pamoja na Samsung za juu zinazokubali Expert RAW, programu yake ya kupiga faili ghafi, zinafuata, kwa sharti kwamba utatumia faili ghafi. Ukipiga kwa mipangilio ya kawaida, fedha nyingi zimekwenda kwa ulainishaji. Tecno Camon inastahili kutajwa kwa kuwa kampuni hiyo imeifikiria ngozi yetu kwa muda mrefu. Zima kipengele cha kurembesha kabla ya yote. Simu za chini ya hapo ni za kupigia risiti.

Kununua kwenyewe, hapa Nairobi, ni adha. Duka hutangaza kamera kwa picha nzuri, kisha bei ni "njoo inboksi", na ukifika inboksi bei hutegemea mtaa uliosema unatoka. Sanduku huwa limefunguliwa, betri halisi ya R50, LP-E17, imebadilishwa na ya bandia, na chaja utauziwa kando kana kwamba ni nyongeza. Ukidai risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi KRA, unaongezewa asilimia 16 ya VAT juu ya bei uliyokwisha kukubaliana nayo, ingawa kodi hiyo ilipaswa kuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Nenda mchana na kadi yako ya memori, msimamishe rafiki mwenye shati jeupe mlangoni mwa duka, mpige picha, kisha ikuze pale nywele zinapokutana na paji la uso. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, duka linalofuata liko hatua chache tu kutoka hapo.