Kusafirisha yoti kwa lobedi toka Dar mpaka Dodoma, niliyoyaona njiani

Waliotubebea yoti nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyowanyima nitaieleza kwa kirefu maana ndo yenye faida kwenu. Jina la kampuni siweki, tulishakaa na wenyewe tukayamaliza, ila kwa mwenye boti kubwa anayefikiria kuihamisha kwa barabara nataka ajue kila kitu nilichoshuhudia toka Dar mpaka Nala hapa Dodoma, maana mimi kabla ya safari nilitafuta mtu wa kuniambia haya nikakosa.

Kwanza lile swali ninaloulizwa kila siku hapa Dodoma, boti inatafuta nini huku wakati bahari iko kilomita 450 na zaidi. Yoti yetu, mimi na mdogo wangu (yeye ndo anapeleka wageni Mafia na Kilwa), ni ya faiba, futi 48, imekaa majini miaka mingi, na tulipoitoa nje tukakuta tumbo lote lina malengelenge, mengine kama punje ya choroko mengine makubwa kama sarafu ya mia mbili. Ukitoboa moja linaruka maji yananuka siki. Maji ya bahari yanapenya taratibu kwenye ule utando wa juu, yakifika ndani yanakutana na mabaki ya rezini (ile gundi inayoshika faiba) ambayo haikukauka sawasawa tangu kiwandani, inatengenezeka asidi, inavimba. Dawa yake inajulikana, unakwangua utando wote, unaosha kwa maji yasiyo na chumvi tena na tena mpaka asidi iishe, unaacha faiba ikauke kabisa kabisa ndo unapaka epoksi tabaka kwa tabaka. Hapo kwenye kukauka ndo Dar ilitushinda, tulikaa miezi minne, ukibandika kipande cha nailoni kwenye faiba usiku asubuhi unakuta kina jasho upande wa ndani. Hewa ya pwani yenyewe ni maji. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,000, mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 600 na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja ni ukame mtupu, nguo ukianika saa nne saa tano unaanua. Mdogo wangu akasema dada, huko kwenu si ndo kikaushio chenyewe. Ndo ikaanza hiyo.

Nikaomba bei kwa watu watatu. Wawili waliniuliza urefu na uzito tu, nikawaambia futi 48 tani 13, wakanipa bei hapo hapo kwenye simu. Wa tatu akasema dada siwezi kukwambia bei sijaiona. Akaja yadi na tepu na kijana wake, wakapima upana sehemu tatu, wakapima toka chini ya mkuku (ule uti mzito wa chini ya boti) mpaka paa la kebini, akauliza mkuku una urefu gani na umekaa wapi, omo na tezi, yani mbele na nyuma ya boti, zinaning'inia kiasi gani, akapiga picha chini. Alikaa masaa mawili. Bei yake ilikuwa juu kuliko wote na nikamchukua yeye, na mpaka leo nasema nilichagua sawa pamoja na yaliyotokea.

Maana uzito wa boti sio tatizo. Gari lenye eksili za kutosha sheria za Afrika Mashariki zinaruhusu mpaka tani 56 jumla, sisi hosi (kichwa cha lori) na lobedi (tela lake la chini) na yoti vyote pamoja hatukufika hata 40, mizani ya Vigwaza tulipita kama gari lingine. Tatizo ni upana na kimo. Upana wetu ni mita 4.4, na ukishapita Kibaha kuja huku sehemu kubwa ni njia mbili tu, kwenda na kurudi, kwaiyo ukishaingia barabarani umechukua upande wako na kipande cha mwenzio. Huo ni mzigo usio wa kawaida, unahitaji kibali maalum, gari la kusindikiza mbele na nyuma, vibendera vyekundu, na unatembea mchana tu. Vibali vyote walishughulikia wao, nakala nikapewa mkononi siku mbili kabla, sikusumbuka hata kidogo.

Kimo ndo kilinifundisha. Yoti ikikaa juu ya lobedi na vyuma vyake vya mbele na fremu ya turubai ilikuwa mita 5.3. Wakasema vyote vishuke. Mdogo wangu alinuna kidogo, zile skrubu zina miaka na miaka hazijaguswa, tulishinda nazo siku nzima na mafuta ya kulainishia, ila tukafika mita 4.55. Mlingoti tuliuacha Dar, una mita 19, kuubeba ingekuwa safari nyingine na huku hauna kazi. Matenki ya maji na dizeli tukakausha, betri tukatoa.

Sasa kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Gari la mbele lilifungwa mwanzi kwenye bampa, umesimama wima, umekatwa mita 4.8 kamili, juu umevalishwa chupa ya plastiki. Ule mwanzi ukigusa kitu chochote juu, waya, tawi, chochote, chupa inalia ta!, dereva wa mbele anasema simama kwenye redio na lobedi nyuma mita mia mbili inasimama kabla haijafika. Yani kitu cha bei ya bure. Toka Kimara mpaka Kibaha pale kwenye njia nane haikulia hata mara moja. Miji midogo midogo ndo balaa, nyaya za intaneti na za umeme za kuvutia nyumbani kwa mtu zimelegea zinavuka barabara, ililia mara saba mpaka tunafika. Tanboi anapanda juu na mti mkavu wenye panda uliovalishwa mpira, ananyanyua waya wa intaneti taratibu gari linapita chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Waya wa umeme hawagusi, walikuwa na fundi wa umeme mwenye ruhusa kwenye gari la nyuma, kazi yake hiyo tu.

Haya, nyota iliyopotea.

Boti yenye mkuku inakalia mkuku wake. Uzito wote unatakiwa ushuke kwenye mkuku uende kwenye mataruma ya mbao yaliyopangwa kwenye lobedi, zile padi za pembeni ni za kuizuia isilale tu, hazibebi. Na padi zinatakiwa zikae pale ambapo kwa ndani kuna ukuta, sio katikati ambapo faiba iko peke yake. Siku ya kupakia kreni ilichelewa, jua limeshaanza kushuka, vijana wakafunga haraka haraka, mwenye kampuni siku hiyo hakuwepo. Mimi niliona wanakaza racheti za mikanda nikaridhika, nikajua inakazwa vizuri.

Tulisimama Chalinze kunywa chai. Nikapanda ndani kuangalia tu, nikataka kuingia chooni mlango haufunguki. Nikavuta, umekwama juu. Huo mlango haujawahi kukwama maisha yake yote. Nikampigia mdogo wangu, alivyosikia akanyamaza kidogo alafu akasema dada usiruhusu gari liondoke. Akaniambia niangalie padi ya kulia ya katikati. Nikashuka, nikaweka jicho sambamba na ubavu wa boti kama fundi anavyoangalia mbao, na kweli, pale padi ilipo faiba imebonyea ndani, unaweza kulaza kidole kwenye lile bonde. Mlango ulikwama kwa sababu boti yenyewe imepinda. Na mkanda wa juu ulikuwa umepita juu ya ukingo wa alumini bila kitambaa, umeshakula rangi mpaka chini.

Nilitetemeka, sitadanganya. Ile boti ndo inalisha nyumba mbili.

Hapa niwape haki yao. Dereva, mzee mmoja mtaratibu sana, hakubishana na mimi. Alikuja akaangalia, akaingia mwenyewe ndani akajaribu mlango, akatoka akasema, "Mama, umeona vizuri, tumekosea." Akampigia bosi wake mbele yangu kwa spika. Wakakubaliana tusogee kwa mwendo wa polepole mpaka Morogoro kwenye yadi ya malori yenye sakafu ngumu, pale wakaongeza mataruma na kabari za mbao ngumu chini ya mkuku mpaka mkuku ukabeba, alafu wakalegeza padi moja moja, upande huu na upande ule kwa zamu, wakazihamishia kwenye kuta. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu ya video anaelekeza, mimi niko ndani nagonga faiba kwa kiganja kutafuta ukuta uko wapi, wao nje wanaweka alama. Padi ya mwisho ilipohama mlango wa choo ukafunguka wenyewe. Tulilala Morogoro, siku moja ikaenda, na ile siku hawakunidai hata mia.

Kesho yake tulitoka kulipokucha. Dumila, Gairo, zile kona za Gairo walipanda kwa gia ndogo wala sikusikia kamba ikilia. Kibaigwa ndo tulisota, ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, mahindi yanavunwa, malori yamejaa pande zote za barabara yanapakia magunia, na sisi na mita zetu 4.4. Saa nzima na dakika ishirini. Vijana wa soko wenyewe waliingia kazini kusogeza malori bila kuombwa, watu wanauliza chombo hiki kinaenda ziwa gani, na bibi mmoja muuza karanga aliupapasa ule mkuku kwa kiganja akaniuliza, "Mwanangu, hii ndo inakaa kwenye maji?" Nikamwambia ndiyo bibi. Akasema mbona nzito. Nilimweleza kwamba ni huo uzito wa chini ndo unaifanya isipinduke, akatikisa kichwa akanipa karanga.

Mjini hatukuingia. Tulishika barabara ya mzunguko pale Ihumwa, Veyula, mpaka Nala, kilomita 52 za lami pana na juu hakuna nyaya za hovyo, ule mwanzi hata haukutikisika. Kabla ya zile barabara za mzunguko sijui tungepitaje katikati ya mji. Saa kumi na moja jioni kreni inashusha.

Gharama kwa wanaouliza, usafiri pamoja na vibali na magari ya kusindikiza nililipa milioni 8.5, kreni za pande zote mbili ni juu yako. Ila someni mkataba kwenye bima. Bima yao ilikuwa ya gari na tela, mzigo haumo, nimekuja kulijua hilo nikiwa Morogoro usiku nasoma kwa tochi ya simu. Chukua bima yako mwenyewe ya kulinda mzigo safarini, na siku ya kupakia mwambie mwenye kampuni asimame pale yeye mwenyewe, kama hayupo gari lisipakie. Rangi iliyoliwa na mkanda waliilipa bila maneno. Ule ubavu ulirudi, fundi aliugonga wote na nyundo ya mpira na hajasikia sehemu ambayo tabaka za faiba zimeachana.

Saivi boti ina wiki ya saba hapa, imezungushiwa turubai maana vumbi la Nala halina huruma na epoksi haitaki vumbi. Maji ya kuoshea tulinunua ya boza, tukachagua yasiyo na chumvi, maana maji ya visima vingi huku yana chumvi na kuoshea chumvi kwenye faiba ni kazi bure. Juzi nimebandika nailoni jioni, asubuhi nimebandua, kavu. Nikabandika sehemu nyingine sita, kavu zote.

Inarudi Dar mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, na nimewapigia hao hao. Bosi amekubali kuwepo yadi siku ya kupakia. Kuta za ndani mimi na fundi tumeshazichorea nje kwa chaki nyekundu, nne kulia nne kushoto, padi zinakaa hapo tu.