Kiendeshi cha Neo4j kwa Python: mstari mmoja unatosha, ukijua unachofanya

Neo4j ni hifadhidata ya grafu, na kiendeshi (driver) ndicho huiunganisha programu yako ya Python nayo. Sakinisha kifurushi kiitwacho neo4j. Miongozo ya zamani bado inataja neo4j-driver. Jina hilo limestaafishwa. Mazungumzo na seva hupita kwenye itifaki ya Bolt, poti 7687. Ile 7474 ni ya kivinjari, usiielekeze programu huko.

Kosa linaloumiza wengi ni kuunda driver mpya kwa kila ombi. Driver hubeba akiba ya miunganisho, hadi 100 kwa kila seva usipobadilisha, na kuiunda ni kazi nzito. Unda moja programu inapoanza, ifunge inapozimwa. Nyuzi (threads) zote za programu zinaweza kuitumia kwa pamoja. Ita verify_connectivity hapo hapo, kwa kuwa kuunda driver peke yake hakufikii seva, na nenosiri lenye kosa litajificha hadi swali la kwanza. Sesheni, yaani mazungumzo ya muda na seva, ni kinyume chake: nyepesi, ya muda mfupi, haichangiwi na nyuzi mbili. Ukiziacha wazi, akiba itaisha, programu itasubiri sekunde 60, kisha itaanguka.

Sifa kubwa ya kiendeshi hiki ni execute_query, iliyokamilika toleo la 5.8. Mstari mmoja hufungua sesheni, huendesha muamala (transaction), hujaribu tena klasta (kundi la seva) ikiyumba, na hurudisha rekodi. Kwa kazi nyingi za kawaida huhitaji kingine. Jaza parameta ya database_ (jina la hifadhidata) kila mara, la sivyo kiendeshi hulazimika kwanza kuiuliza seva hifadhidata ya mtumiaji ni ipi.

Lakini huleta matokeo yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo. Kwa mamilioni ya nodi tumia execute_read ndani ya sesheni, na usome rekodi kabla muamala haujafungwa. Ukichelewa utakutana na ResultConsumedError. Kumbuka pia kuwa kitendakazi (function) unachoipa execute_read kinaweza kuendeshwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitume barua pepe humo ndani. Nayo session.run haijaribu tena chochote.

Thamani zipite kwenye parameta, mfano $jina. Kuzibandika ndani ya maandishi ya Cypher (lugha ya maswali ya Neo4j) ni kumfungulia mdukuzi mlango, na seva hulazimika kupanga upya swali ambalo ingelikumbuka. Unapoingiza data nyingi, peleka orodha ya safu elfu kadhaa kwa UNWIND moja (amri ya Cypher inayofungua orodha kuwa safu) badala ya safu moja moja. Tofauti ya kasi utaiona mara moja.

Panapokera ni ujumbe wa hitilafu. Anwani ya neo4j:// huiomba seva orodha ya njia (routing), na klasta iliyo ndani ya kontena huweza kujibu kwa anwani isiyofikika kutoka nje. Unachoambiwa ni kwamba taarifa za njia hazikupatikana, basi, na mtu huishia kupekua nenosiri bure. Jaribu bolt:// kwenda seva ile ile: ikiunganika, tatizo liko kwenye mpangilio wa seva uitwao server.default_advertised_address. Na kama cheti cha seva umejitilia saini mwenyewe, anwani ya neo4j+s:// itakikataa. Tumia neo4j+ssc://, kwenye majaribio tu.